Bendera za kale za majeshi ya kikoloni: jinsi ya kutambua iliyo halisi kabla ya kufika nayo Kobero

Barabara inayopita Muyinga kuelekea mpaka wa Kobero inafahamika zaidi kwa malori yanayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam. Gasorwe, iliyo katika eneo hilo hilo la kaskazini mashariki mwa Burundi, inajulikana kwa kilimo na kwa kambi ya wakimbizi wa Kongo iliyofunguliwa mwaka 2002, ambayo imefanya Kiswahili kisikike sana sokoni. Tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025, Muyinga imeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba upande huu wa nchi ulipitiwa na bendera nyingi katika muda mfupi. Mrundi aliyezaliwa Muyinga mwaka 1890 na kujaliwa miaka 72 aliishi chini ya mfalme wake mwenyewe, kisha chini ya bendera ya Wadachi, kisha ya Wabelgiji, na akafa akiwa raia wa nchi huru. Ndugu yake aliyeoa ng'ambo, katika vilima vya Bugufi vilivyo leo wilaya ya Ngara nchini Tanzania, aliiona pia bendera ya Waingereza.

Historia hiyo imezaa biashara ndogo lakini yenye fedha. Ujerumani, Ubelgiji, Uingereza na Marekani wako wakusanyaji wa vitu vya kijeshi vya kale, na vile vilivyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani hutafutwa sana kwa sababu ni vichache. Bendera ni chache kuliko vifungo, kofia au visu. Kwa hiyo anapotokea mtu na kitambaa kilichochakaa akidai kilikuwa cha askari wa babu yake, mfanyabiashara hushawishika kutoa fedha papo hapo. Hapo ndipo mitaji mingi inaweza kupotea, na hapo pia ndipo familia yenye kitu cha kweli inaweza kukiachia kwa bei ya gunia la maharage.

Makala haya yanaeleza bendera zipi ziliwahi kutumika katika eneo hili, zipi hazikuwahi kuwepo, jinsi ya kukagua kitambaa, na mambo ya kuzingatia mpakani.

Bendera zilizopita hapa

Neno bendera lenyewe lilikuja na mabaharia wa Kireno, na Warundi nao husema ibendera. Kabla ya Wazungu kufika bara, misafara iliyotoka pwani ilitembea na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar mbele yake. Warundi hawakuruhusu misafara hiyo kuingia kirahisi, na Rumaliza wa Ujiji alizuiwa alipojaribu kupenya. Kwa Warundi alama ya utawala ilikuwa ngoma ya Karyenda, si kitambaa juu ya mlingoti.

Pwani, ugomvi kuhusu bendera ulimwaga damu. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kupandisha bendera yake katika miji ya pwani, wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, aligombana na watu wa mji juu ya bendera ya Sultani. Tukio hilo lilikuwa moja ya cheche za vita vya Abushiri. Bendera ya kampuni ilikuwa nyeupe yenye msalaba mweusi, na kwenye kona ya juu karibu na mlingoti pembe nyekundu yenye nyota tano nyeupe. Ilitumika kwa miaka michache tu kabla serikali ya Ujerumani haijachukua koloni, na haikuwahi kuwa bendera ya utawala nchini Burundi.

Jeshi la Kijerumani, Schutztruppe, liliundwa rasmi mwaka 1891. Lilijenga kituo Usumbura, Bujumbura ya leo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Mwami Mwezi Gisabo akalazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Makao ya utawala yalihamishiwa Gitega mwaka 1912. Bendera yao ilikuwa ya milia mitatu ya kulala: mweusi, mweupe na mwekundu. Ofisi za serikali ya koloni na vituo vya jeshi vilitumia pia bendera hiyo ikiwa na duara jeupe katikati lenye tai wa Kaiser. Meli za vita zilikuwa na bendera nyingine: nyeupe, yenye msalaba mweusi na tai katikati, na kwenye kona rangi tatu za taifa pamoja na Msalaba wa Chuma.

Wadachi walikuwa pia na desturi ya kuwapa watawala wa kienyeji bendera pamoja na barua ya ulinzi. Mwaka 1897 Kapteni Hans Ramsay, aliyeanzisha kituo cha Ujiji, alifanya hivyo katika makao ya mfalme wa Rwanda. Bendera za aina hiyo ndizo zenye nafasi kubwa zaidi ya kubaki mikononi mwa familia za machifu, maana zilitolewa kama zawadi na hazikuwa katika hesabu ya ghala la jeshi.

Juni 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, liliingia Usumbura na Gitega. Likaendelea hadi Kigoma, na mnamo Septemba 19 mwaka huo likaingia Tabora. Bendera ya Kongo ilikuwa ya buluu yenye nyota moja kubwa ya njano katikati. Ilirithiwa kutoka Dola Huru ya Mfalme Leopold na kutumika hadi mwaka 1960. Ruanda-Urundi haikupewa bendera yake yenyewe. Juu ya maboma ilipepea bendera ya Ubelgiji yenye milia ya kusimama: mweusi, njano na mwekundu.

Waingereza na Wabelgiji waligawana ardhi kwa makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, na Bugufi ikaangukia Tanganyika. Mpaka wa Kobero na Kabanga ambao wafanyabiashara wanauvuka leo ulitokana na mgawanyo huo. Upande wa Tanganyika jeshi lilikuwa King's African Rifles, maarufu kama KAR, lililoundwa mwaka 1902. Bendera ya serikali ya Tanganyika ilikuwa na alama ya kichwa cha twiga.

Ziwa Tanganyika nalo lina kisa chake. Desemba 26, 1915 boti za Kiingereza Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 9, 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu vya vita hivyo vinaeleza kwamba baada ya Wissmann kuzama Waingereza waliokota bendera yake kubwa ya kivita. Mfano huu unafaa kukumbukwa: bendera iliyotekwa na jeshi huandikwa, hupigwa picha na kupelekwa kwao. Zilizotekwa vitani zilielekea London na Brussels, hazikuachwa vijijini.

Zile ambazo hazikuwahi kuwepo

Njia ya haraka ya kuokoa fedha ni kujua makosa ya wanaoghushi. Wengi wao hawasomi historia, na makosa yao yanajirudia.

La kwanza ni bendera ya simba. Inauzwa sana ikiwa na rangi tatu za Kijerumani na katikati ngao nyekundu yenye kichwa cha simba, ikisemwa ni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mchoro huo ulibuniwa mwaka 1914 wakati waziri wa makoloni, Wilhelm Solf, alipotaka kila koloni liwe na nembo yake. Vita vikaanza na mpango ukaishia kwenye karatasi. Hakuna askari aliyewahi kuibeba bendera hiyo, Gitega wala Tanga. Anayesema babu yake aliishika mwaka 1905 ama amedanganywa ama anadanganya.

La pili linawahusu zaidi wanaonunua kutoka upande wa Kongo. Bendera ya buluu yenye nyota kubwa ya njano katikati na nyota ndogo sita kando ya mlingoti si ya Force Publique. Ni bendera ya Kongo huru ya mwaka 1960, na ilirudishwa tena kati ya 1997 na 2006. Ya kikoloni ina nyota moja tu. Hesabu nyota kabla ya kuhesabu noti.

La tatu ni bendera ya Wanazi. Wapo wanaoichanganya na ya Wadachi waliotawala Urundi. Wadachi waliondoka hapa mwaka 1916, ilhali bendera yenye swastika ilifanywa ya taifa Ujerumani katika miaka ya 1930. Ni kweli kwamba baadhi ya walowezi wa Kijerumani waliorudi Tanganyika walikuwa wafuasi wa chama hicho, hivyo kitu cha namna hiyo kinaweza kupatikana upande wa Tanzania. Hata hivyo hakina uhusiano wowote na Schutztruppe, na kukionyesha au kukitangaza hadharani nchini Ujerumani kunaweza kuwa kosa la jinai.

Rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu peke yake pia si ushahidi. Ujerumani iliziacha mwaka 1919 na kuzirudia kwa muda mfupi kuanzia 1933, kwa hiyo bendera ya kweli kabisa, ya zamani kabisa, inaweza kuwa imeshonwa miaka 17 baada ya Mdachi wa mwisho kuondoka Gitega.

Kuna pia bendera ya Burundi yenye ngoma katikati. Hiyo ni ya ufalme baada ya uhuru, 1962 hadi 1966. Ina thamani yake kwa historia ya nchi, lakini aiuzaye kama ya jeshi la kikoloni amekosea mlango.

Kwa bendera za Kiingereza, tazama mistari myeupe ya mshazari. Katika bendera halisi ya Uingereza mstari mweupe ni mpana upande mmoja wa mstari mwekundu na mwembamba upande wa pili. Waigaji wa haraka huifanya pande zote zilingane. Na bendera nyekundu tupu inayodaiwa kuwa ya msafara wa Sultani? Bila maelezo ya uhakika ya ilikotoka, hakuna anayeweza kuitofautisha na kitambaa kingine chochote chekundu.

Kitambaa, uzi na kamba

Bendera za kupandishwa mlingotini za wakati ule, za Kijerumani na za Kiingereza, kwa kawaida zilifumwa kwa sufu nyepesi ili zipepee hata kwenye upepo mdogo na zikauke haraka. Upande wa mlingoti kulikuwa na ukanda mgumu wa kitani au pamba, na ndani yake kamba. Za Kiingereza mara nyingi zilikuwa na kijiti cha mbao kwenye ncha ya kamba kwa ajili ya kufungia. Kwenye ukanda huo ndiko hukaa mihuri: jina la mtengenezaji, kipimo, na kwa mali ya serikali ya Uingereza alama ya mshale mpana. Muhuri uliofifia pamoja na ukanda wenyewe ni jambo zuri. Muhuri mweusi tii juu ya ukanda mchafu ni wa kutiliwa shaka.

Bendera za heshima za vikosi ni jambo jingine. Hizo zilikuwa za hariri, zilizotariziwa kwa mkono, zenye nyuzi za dhahabu pembeni. Zilikuwa chache mno, kila moja ilijulikana, na kikosi kilipovunjwa zilikabidhiwa kwa jeshi lililokirithi au zikawekwa kanisani au katika makumbusho. Ikitokea moja sokoni, swali la kwanza si bei bali imetoka wapi na nani anaitafuta.

Vibendera vidogo, vile vya mikuki, vya magari ya maofisa na vya kupashana habari kwa ishara, ndivyo vinavyowezekana zaidi kupatikana. Ubaya wake ni kwamba ndivyo rahisi zaidi kughushiwa, maana kipande cha kitambaa cha rangi mbili kinashonwa na fundi yeyote kwa nusu saa.

Ukaguzi wa kwanza ni wa uzi. Uchomolewe uzi mmoja tu kutoka pindo lililokwisha kufumuka, uchomwe mbali na bendera. Sufu na hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba na kitani hunuka kama karatasi. Ukiyeyuka na kuwa kishanga kigumu, ni nailoni au poliesta, na vitu hivyo havikuwepo kabla ya mwisho wa miaka ya 1930. Uchunguzi huo ufanywe kwa kitambaa na kwa uzi wa kushonea, kwani wapo wanaotumia sufu ya blanketi kuukuu na kusahau kwamba uzi wa cherehani ni wa kisasa.

Ukaguzi wa pili unahitaji taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ambayo wabadilishaji fedha wengi wanayo. Katika chumba cha giza, uzi mweupe uking'aa kwa rangi ya buluu kali, umetiwa dawa za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini tahadhari: bendera ya kale iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nayo inaweza kung'aa. Taa inatia shaka, haihukumu.

Kisha uangaliwe uchakavu. Bendera iliyopepea huanza kuliwa kwenye ncha ya mbali na mlingoti, si katikati. Nondo hula sufu ovyo ovyo na matundu yake hayafanani. Rangi hupauka zaidi upande uliopigwa na jua. Bendera iliyolowekwa kwenye chai ina rangi ya kahawia sawasawa kote, hata ndani ya pindo ambako vumbi lisingefika. Harufu ya chai au kahawa hudumu kuliko mwuzaji anavyodhani.

Habari zake ni nusu ya bei

Wakusanyaji makini hawanunui kitambaa, wananunua habari zake. Bendera yenye jina la aliyekuwa nayo, mahali, mwaka, na picha ya zamani inayoionyesha, ina thamani mara nyingi ya ile iliyofanana nayo isiyo na maelezo.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa Schutztruppe waliokuwa hai, wazee walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa na Jenerali von Lettow-Vorbeck mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu. Waliobaki walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye kwata ya bunduki, na wakaifanya bila kukosea.

Kisa hicho kinafundisha kitu kimoja kuhusu ushahidi. Walichokihifadhi askari wenyewe kilikuwa vyeti na sare, na zaidi ya yote kumbukumbu. Kwa hiyo familia inayosema ina bendera iulizwe pia kuhusu vitu vingine: cheti, kitabu cha malipo, medali, picha. Vitu vinavyokaa pamoja vinathibitishana. Ni kosa kubwa, na linafanyika mara nyingi, kununua bendera kwa mtu mmoja na kumwachia cheti cha babu yake kwa kuwa "ni karatasi tu".

Mwenye bendera anashauriwa kuandika maelezo ya wazee wangali hai: nani aliipokea, kwa nani, mwaka gani kwa kukadiria kwa njaa au mvua inayokumbukwa, na imehifadhiwa wapi. Maelezo yatiwe saini na mashahidi wawili. Kazi hiyo haigharimu kitu, na ndiyo inayompa mwenye mali nguvu ya kujadiliana bei.

Kwenye forodha

Vitu hivi si mitumba. Kuificha bendera ya kale ndani ya bunda la nguo kuukuu na kuitangaza kama mitumba ni tamko la uongo, na mzigo wote unaweza kuzuiliwa.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bendera mpya ya kitambaa huingia katika namba 6307. Vitu vya mkusanyo vyenye umuhimu wa kihistoria viko katika namba 9705, na vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100 viko katika 9706. Bendera ya vita vya 1914 hadi 1918 imeshapita miaka 100. Ya KAR ya miaka ya 1950 bado. Uamuzi wa mwisho ni wa ofisa wa forodha, Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) au ya Tanzania (TRA), hivyo ni busara kuuliza kabla ya kufunga safari.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na baadhi ya wafanyabiashara wadogo huamini kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinatosha kuvusha chochote. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Bendera iliyofumwa Ujerumani haikuzalishwa Gasorwe, hata kama imelala Gasorwe miaka 100.

Muhimu zaidi ni sheria za urithi. Burundi ina sheria ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Kwa ujumla zinadai kibali kabla ya kutoa nje ya nchi kitu kinacholindwa. Je, bendera ya Mdachi ni urithi wa Mrundi? Ikiwa alipewa chifu kwa mkataba, ni vigumu kusema si urithi wake. Mfanyabiashara asijitolee hukumu mwenyewe. Aombe barua ya wahusika inayosema kitu kinaruhusiwa au hakizuiliwi, na asafiri nayo. Wanunuzi wa Ulaya nao siku hizi huomba karatasi hiyo, na nyumba za mnada hukataa vitu visivyo nayo.

Kwa upande wa Gitega na Muyinga, mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Kwa aliye ng'ambo ya mpaka, Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yako Dar es Salaam. Kupeleka kitu kionwe si kukitoa. Mwenye mali anaweza kwenda na picha tu kwanza, za pande zote mbili, za ukanda wa mlingoti na za mihuri, pamoja na rula iliyowekwa kando kuonyesha kipimo.

Wakati majibu yakisubiriwa, bendera isifuliwe, isipigwe pasi na isikunjwe. Mikunjo hukata sufu, na hariri ya zamani iliyotiwa chumvi za madini ili iwe nzito hupasuka yenyewe kwenye mkunjo. Izungushwe juu ya bomba la karatasi ngumu lililofunikwa kwa pamba nyeupe safi, iwekwe mbali na jua, moshi wa jikoni na dari inayovuja. Mfuko wa plastiki uliofungwa haufai, kwani katika msimu wa mvua hukusanya unyevu na kuleta ukungu. Misumari ya kuitundika ukutani haifai pia: kutu yake hula kitambaa, na doa lake halitoki.

Viraka vya zamani visibanduliwe kwa nia ya kuipendezesha. Kiraka kilichoshonwa na fundi wa jeshi mwaka 1915 ni sehemu ya bendera, na mnunuzi anayejua kazi yake hukitafuta kwanza.